Maswali ya Meno: Kukoroma, pumzi kukatika na kile kifaa cha kuvaa usiku

Toleo lililopita tulisema kwa mistari miwili tu kwamba daktari wa meno anaweza kukutengenezea kifaa cha kuvaa mdomoni usiku, kinachoshika taya la chini mbele, ukaacha kukoroma. Mistari miwili! Barua zimekuja kutoka Nakuru mpaka Bondo, nyingi za wake, chache za wenye kukoroma wenyewe maana hao wanadai hawakoromi. Nimechagua hizi.

Bwanangu ni dereva wa trela, anabeba mzigo kutoka Mombasa mpaka Malaba, akipita Nakuru analala nyumbani. Anakoroma hadi majirani wa ploti wanajua amerudi. Aliagiza kwa simu kile kidude unachemsha kwa maji moto halafu unauma kinashika shepu ya meno, na kusema ukweli kelele imepungua sana. Lakini bado usiku ananyamaza ghafla, halafu anashtuka kama mtu aliyekuwa amekabwa. Asubuhi kichwa kinamuuma. Juzi ameniambia alisinzia kidogo karibu na Salgaa akashtuka gurudumu liko nje ya lami. Tumpeleke atengenezewe ya daktari ama tuendelee na hii juu angalau mimi nalala?
— Mke wa dereva, Free Area, Nakuru

Mama, hapo kwa Salgaa nimesimama nikasoma tena. Wewe unayejua hio barabara unajua mteremko wake na malori yanayoshuka pale, sina haja ya kukueleza.

Sasa skiza. Kelele ni kitu kimoja na ugonjwa ni kitu kingine. Mtu akilala misuli ya koo inalegea, na taya la chini na ulimi vinarudi nyuma, hasa akilala chali. Njia ikiwa nyembamba hewa inapita kwa shida na nyama laini za koo zinatikisika, hio ndio kelele. Njia ikifunga kabisa hakuna hewa inapita kwa hivyo hakuna kelele pia. Kile kimya unachosikia ndicho kibaya, si kile kishindo. Ni kama kunywa soda kwa mrija uliolainika, kadiri unavyovuta kwa nguvu ndivyo unavyojikunja. Oksijeni inashuka, ubongo unaona hatari unamshtua, anavuta pumzi kwa nguvu, analala tena, na asubuhi hakumbuki chochote. Hio ndio apnea ya usingizi. Mtu anaweza kushtuka hivyo mara nyingi sana kwa usiku mmoja na bado akuambie amelala vizuri.

Kwa hivyo kile kidude cha kuchemsha kimekupa wewe usingizi, yeye hakijampa. Hata ile ya daktari iliyotengenezwa kwa kipimo cha meno yake inaweza kufanya hivyohivyo kama hatujui tunatibu nini. Mimi natengeneza hivi vifaa na vinanipa riziki, lakini mgonjwa kama bwanako nikimpokea bila kipimo cha usingizi nitakuwa nimemnyamazisha tu kisha nimrudishe kwa usukani.

Anza hivi. Akija nyumbani, usiku akikoroma washa simu umrekodi video dakika chache, elekeza kwa kifua na uso, si sauti pekee. Ukiona kifua na tumbo vinahangaika kupanda na kushuka na hakuna hewa inaingia, hio video mpelekee daktari wa mapafu au wa masikio, pua na koo. Ataandikiwa kipimo cha usingizi. Siku hizi si lazima kulala hospitali, kuna mashine ndogo ya kwenda nayo nyumbani, mkanda kifuani, kamrija puani na klipu kidoleni, analala nayo usiku mmoja. Wanahesabu mara ngapi kwa saa pumzi imekatika kabisa au imepungua sana kwa sekunde kumi au zaidi. Chini ya 5 kwa mtu mzima ni sawa, 5 hadi 14 ni kidogo, 15 hadi 29 ni ya kati, 30 kuendelea ni kali.

Ikitoka kali, anza na mashine ya CPAP, ile inasukuma hewa kupitia maski, juu ndiyo inashusha hio hesabu kuliko kitu kingine chochote cha kuvaa. Najua utaniuliza dereva atalala na mashine wapi kwa kebini. Kuna za kusafiria zinazotumia betri. Ikitoka kidogo au ya kati, au mashine ikimshinda kabisa, hapo njooni kwa daktari wa meno, na kwa mtu wa barabarani kifaa cha meno kina raha yake, kinaingia mfukoni, hakitaki stima.

Lakini kabla ya hayo yote, kesho asiendeshe akiwa na usingizi. Aongee na mwajiri, apate turnboi anayeweza kushika usukani kama yuko. Na hio muguka na zile soda za kuongeza nguvu wanazotumia kukesha haziondoi huo usingizi, zinauahirisha tu, kisha akifika nyumbani analala vibaya zaidi. Pombe ya kumsaidia kulala ndio mbaya kabisa kwake, inalegeza koo. Apimwe presha pia, apnea na presha iliyokataa kushuka hutembea pamoja.

Baba yangu yuko Bondo, ana miaka sabini na kidogo. Amepimwa akapatikana na 22 kwa saa. Mashine alipewa akajaribu akaiweka kwa kabati, anasema inampuliza, na stima huku inapotea ovyo. Shida ni kwamba ujanani alitolewa meno sita ya chini ya mbele kwa mila yetu. Kifaa cha meno kitashika wapi?
— Kijana wa mzee, Siaya

Ndugu, swali lako ni la watu wengi sana hapo kwenu, na vitabu vya huko nje havitaligusa kabisa.

Taya la chini lililo kamili lina meno 16. Toa sita ya mbele yanabaki kumi, kama magego yote yako. Madaktari wengi wa hivi vifaa hupenda kuona angalau manane hadi kumi imara kwa kila taya, kwa hivyo mzee bado hajatoka mchezoni. Kwa kweli magego ndiyo yanabeba mzigo mkubwa. Nikimwona mimi nitaangalia mambo mawili: ngapi zimebaki huko nyuma, na je zinacheza? Kifaa kinavuta taya la chini mbele usiku kucha na nguvu yote inaenda kwa meno, sasa kama fizi zimeoza na meno yanatikisika ukiyashika, utayang'oa pole pole kwa jina la matibabu. Fizi zitibiwe kwanza. Kama ana meno ya bandia ya kuziba lile pengo atayatoa akilala, kifaa kinatengenezwa bila hayo.

Meno yakiwa machache kabisa kuna kifaa kingine hakishiki meno, ni kama kibofu laini cha silikoni kinachokaa nje ya midomo, unaingiza ulimi mbele unanyonywa unabaki hapo usirudi nyuma. Wazee wengi hukikataa siku ya kwanza na siwalaumu.

Hio 22 ni ya kati. Mwaka wa 2015 madaktari wa usingizi wa Marekani pamoja na wale wa meno walitoa mwongozo unaosema mtu mzima asiyeweza mashine, au asiyeitaka, apewe kifaa cha meno cha kipimo chake kinachoweza kurekebishwa, badala ya kuachwa bila kitu. Mashine inashusha hesabu zaidi, ila kifaa watu hukivaa masaa mengi, kwa hivyo kwa apnea ya kidogo na ya kati matokeo huja kukaribiana. Mashine ya kabati haitibu mtu.

Hata hivyo mwombe ajaribu mara moja tena. Mara nyingi shida si hewa, ni maski kubwa au inayovuja, au pua imeziba, na kuna mpangilio wa kuanza na hewa kidogo ikipanda pole pole akishalala. Betri nzuri au sola inaweza kumvusha stima ikipotea. Hio mashine imekuwepo tangu 1981, Colin Sullivan na wenzake walipoijaribu kule Sydney, haijakaa miaka yote hii juu inakaba watu. Ikikataa tena, mlete. Na mwambie daktari wake kama ana shida ya moyo, maana kuna aina ya apnea inayotoka kwa ubongo kusahau kuagiza pumzi, hio koo liko wazi na kusogeza taya hakusaidii kitu.

Mimi ni mwalimu wa bodingi Kakamega, tunalala wawili kwa nyumba ya shule. Nimepimwa, apnea sina, 3 tu kwa saa, lakini nakoroma vibaya na mwezi wa kumi na mbili naolewa. Nimezaliwa Njoro kwa hivyo meno yangu ni yale ya kahawia. Kifaa kitafanya kazi kweli? Na si kitaniharibu taya?
— Mwalimu, Kakamega

Hongera mwalimu, na hongera zaidi kwa kupima kwanza.

Fanya hivi sasa hivi, kama uko peke yako. Jifanye unakoroma. Sasa sukuma taya la chini mbele mpaka meno ya chini yapite ya juu, jaribu kukoroma tena. Imekuwa ngumu eh? Kifaa chote ni hicho tu, kukushikia taya mbele wakati wewe umelala.

Kutengeneza ni hivi: daktari anachukua alama ya meno ya juu na ya chini, kwa dawa inayoganda ndani ya trei au kwa kamera ndogo. Halafu anapima taya lako linaweza kwenda mbele kiasi gani, na anakuanzishia kama nusu ya hapo, si mwisho. Maabara inarudisha vipande viwili, cha juu na cha chini, vimeunganishwa pembeni na skrubu au mikanda midogo. Kila baada ya siku kadhaa unazungusha skrubu kidogo sana, sehemu ndogo ya milimita, mpaka mwenzako wa chumba aseme kumetulia, na huko ndiko kunachukua wiki kadhaa. Wale wanaotaka ikae sawa usiku wa kwanza ndio huacha. Ukiona daktari amekupa siku hio moja akakuambia kwaheri, hapo hujapata matibabu, umeuziwa plastiki.

Meno ya kahawia ya Njoro, Nakuru na Naivasha ni ya floraidi nyingi kwa maji. Rangi peke yake haisumbui kifaa. Kama enameli inamomonyoka au una vipande vimevunjika, vizibwe kwanza, maana ukirekebisha jino baadaye kifaa hakitaingia tena.

Kuhusu taya: wiki za kwanza utaamka limechoka, mate mengi au mdomo mkavu, na meno hayakutani vizuri hadi unywe chai. Hayo huisha. Tutakupa kipande kidogo cha kuuma asubuhi dakika chache taya lirudi mahali pake, usikiruke. Ila nisikufiche, ukivaa kwa miaka meno yanaweza kusogea na jinsi unavyouma ikabadilika, wengine hawagundui hata. Kama tayari taya linakwama au linauma ukipiga miayo, niambie kabla hatujaanza. Na kwa vile apnea huna, jaribu kwanza kulala ubavu na kutibu pua kama huziba, ukapunguza na kilo kama zimepanda. Ikitosha hivyo umeokoa pesa ya harusi.

Mtoto wangu wa miaka sita anakoroma kila usiku, analala mdomo wazi. Naweza kumtengenezea kadogo?
— Mama wa Bungoma

Hapana mama, hizi ni za watu wazima, taya la mtoto bado linakua. Kwa umri huo mara nyingi ni tonsili na zile nyama za nyuma ya pua zimevimba, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Usingoje ati atakua, mtoto asiyelala vizuri anakuwa mkorofi darasani na anachapwa bure.

Kuna fundi wa meno hapa Kisumu ameniambia atanitengenezea kwa bei ya chini sana. Nimpe kazi?
— Mkazi wa Kondele

Fundi anaweza kukutolea plastiki safi kabisa, mikono anayo. Nani atasoma kipimo chako cha usingizi, nani ataona fizi, na baada ya miezi mitatu nani atakurudisha kupimwa ukiwa umekivaa tuone hesabu imeshuka? Hio ya mwisho ndio watu husahau. Uliza daktari leseni, jina lake unaweza kulitafuta kwa tovuti ya KMPDC, lile baraza linalosajili madaktari na madaktari wa meno, na uliza bei ikiwa pamoja na kurudi kurekebishwa, si ya kifaa pekee.

Nimepata yangu mwezi huu. Naiosha na nini?
— Msomaji, Milimani, Kisumu

Maji baridi, mswaki laini na sabuni kidogo ya vyombo. Dawa ya meno inaikwaruza, maji moto yanaikunja, na Jik usithubutu. Usiiache kwa gari jua la Kisumu likiwaka. Weka kwa kikopo chake chenye matundu, juu ya kabati, maana mbwa wanapenda sana kuitafuna na hio haina waranti.