Maswali na majibu: kura yetu inahesabiwaje, na ya majirani?

Wasomaji wa Lubumbashi, Likasi na Kasumbalesa wametuandikia kuhusu uchaguzi, wa kwetu Kongo (DRC) na wa nchi jirani. Haya hapa maswali yao na majibu yetu.

Ninavuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia kila wiki. Wazambia wananiambia rais wao lazima avuke nusu ya kura. Mbona wetu anapita hata bila nusu? (Mama mfanyabiashara, Ruashi)

Mama, kwetu pia ilikuwa hivyo. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 71, ilidai zaidi ya nusu ya kura halali. Asipopatikana wa kufika hapo, wawili wa kwanza wanarudi kwa wananchi. Mwaka 2006 Joseph Kabila alipata asilimia 44.81 katika duru ya kwanza, akakutana na Jean-Pierre Bemba mwezi Oktoba, akashinda kwa asilimia 58.05. Januari 2011 kifungu hicho kikabadilishwa, na hoja kubwa iliyotolewa ilikuwa gharama ya duru ya pili. Tangu hapo anayeongoza ndiye anayechukua nchi. Baada ya uchaguzi wa Novemba mwaka huohuo Kabila alitangazwa kwa asilimia 48.95, na katika uchaguzi wa 2018 Félix Tshisekedi kwa 38.57. Kwa kanuni ya zamani, mara zote mbili tungerudi kupiga kura.

Zambia walikwenda njia nyingine. Januari 2015 Edgar Lungu alimshinda Hakainde Hichilema kwa tofauti ya kura zisizofika 28,000, bila kufika nusu. Mwaka uliofuata wakarekebisha katiba: nusu na kura moja, la sivyo duru ya pili.

Sisi tunaona Kongo ilikosea. Duru ya pili ni ghali kweli, hasa katika nchi ambayo masanduku ya kura husafiri kwa mtumbwi na helikopta. Lakini ndiyo inayomlazimisha mgombea kuomba kura za watu wasio wa kwao: Mkatanga aende Mbuji-Mayi kule Kasai, Mkasai aje Katuba hapa Lubumbashi, na wote wawili waahidi kitu mbele ya wageni. Mji wetu unajua vizuri mno gharama ya wanasiasa kuzungumza na watu wa kwao peke yao.

Mtu wetu alipata kura 24,000 akakosa ubunge, mwingine wa 12,000 akaingia. Si wizi huo? (Kijana wa Kampemba)

Huenda si wizi. Penye viti vingi, kura yako inakwenda kwanza kwenye orodha ya chama, ndipo inamfikia mtu. Tuchukue mfano wa eneo la viti 4 na kura halali 200,000. Gawanya: kila kiti kina thamani ya kura 50,000.

Orodha A ina jumla ya kura 105,000. Inachukua viti 2, inabakiwa na 5,000. Orodha B ina 60,000, inapata kiti 1 na masalio ya 10,000. Orodha C ina 35,000, haikufikisha hata kiti kimoja, lakini masalio yake ndiyo makubwa kuliko yote, kwa hiyo kiti cha nne ni chake. Ndani ya orodha anapita mwenye kura nyingi za jina lake. Kama orodha A ilikuwa na watu wa 46,000, 35,000 na 24,000, huyo wa tatu anabaki nje. Orodha C yenye watu wa 12,000, 9,000, 8,000 na 6,000 inampeleka bungeni wa 12,000.

Kabla ya hesabu hiyo kuna chujio: orodha ambazo chama chao au muungano wao haukufikisha asilimia 1 ya kura za wabunge nchi nzima zinaondolewa. Ndiyo maana mtu anaweza kuongoza Lubumbashi nzima na bado akakosa, kwa sababu chama chake hakina watu Kisangani wala Matadi. Kwa hiyo msiulize tu kama mgombea anapendwa mtaani. Ulizeni pia chama chake kina orodha wapi kwingine.

Kwa nini hatumchagui gavana sisi wenyewe? (Msomaji wa Likasi)

Kifungu cha 198 kinawapa kazi hiyo wabunge wa jimbo, na maseneta huchaguliwa na wabunge haohao. Wapiga kura wakiwa wachache hivyo, mwenye fedha anaweza kumfikia kila mmoja wao nyumbani, na malalamiko ya kununuliana yamerudi karibu kila mara. Marekebisho ya 2011 yaliongeza kwamba rais anaweza kumwondoa gavana kukiwa na mgogoro mkubwa wa kudumu. Kenya, tangu 2013, wananchi wa kaunti zote 47 humchagua gavana moja kwa moja. Zambia hawana gavana wa kuchaguliwa: rais anateua waziri wa kila jimbo.

Na Angola, rais anachaguliwa namna gani? (Dereva wa lori, Kolwezi)

Hana uchaguzi wake. Kwa katiba ya 2010, wa kwanza kwenye orodha ya kitaifa ya chama kilichopata kura nyingi za ubunge ndiye rais.

Je, katiba yetu inaweza kubadilishwa ili rais aongezewe vipindi? (Mwanafunzi, Lubumbashi)

Kifungu cha 220 kimefunga idadi na urefu wa vipindi vya rais: miaka mitano, kurudia mara moja. Cha 219 kinakataza marekebisho yoyote wakati wa vita, hali ya dharura au utawala wa kijeshi wa aina ile iliyowekwa Ituri na Kivu ya Kaskazini Mei 2021. Anayetaka kuvuka kufuli hilo huwa anasema kwamba haibadilishi katiba, anaandika mpya. Sikilizeni kwa makini maneno hayo mawili, "kurekebisha" na "kuandika upya", kila yanaposemwa.

Mimi ni shahidi wa chama kituoni. Niangalie nini? (Kamalondo)

Jumlisha kura za wagombea wote: lazima zilingane na kura halali. Ongeza zilizoharibika na zilizoachwa tupu: lazima upate idadi ya waliopiga kura. Dai nakala yako ya matokeo, kisha piga picha ya karatasi inayobandikwa nje ya kituo. Ukikataa kutia sahihi, andika sababu palepale. Malawi, uchaguzi wa Mei 2019 ulifutwa na mahakama Februari 2020 baada ya kuonyeshwa karatasi za matokeo zilizofutwa kwa wino mweupe. Usikawie: baada ya uchaguzi wetu wa Desemba 2023, matokeo ya muda ya urais yalitoka tarehe 31, na Mahakama ya Katiba ikahukumu tarehe 9 Januari. Picha inayofika chamani siku ya kumi haimsaidii tena mtu.