Baba alinipa treni isiyotembea

Nilipotimiza miaka tisa baba alinipa boksi lililofungwa kwa kamba. Ndani mlikuwa na kichwa kimoja cha treni, mabehewa matatu, reli za kutosha duara moja, na transfoma yenye swichi ya kuzungusha. Alivinunua mkononi kwa mtu. Tukaunga reli sakafuni, tukachomeka umeme, nikazungusha swichi. Treni ikavuma kama nzi aliyenaswa kwenye chupa, ikatikisika kidogo, basi.

Nilikaribia kulia. Baba hakunipa pole. Aliondoka, akarudi na bisibisi ndogo na kibano ambacho mama alikuwa akinyolea nyusi, akavilaza mbele yangu. "Haya fundi, mgonjwa anaumwa nini?"

Mgonjwa alikuwa na nywele na nyuzi za zulia zilizojisokota kwenye ekseli, na magurudumu yenye utando mweusi. Jambo hili nililielewa jioni ile na sijalisahau: umeme wa treni hizi hupita kwenye reli, upande mmoja chanya na mwingine hasi, magurudumu yakaupokea na kuupeleka kwenye mota. Kidogo tu cha uchafu kinatosha kuukata. Tulihangaika jioni mbili. Ya pili, ikatembea.

Leo nina miaka hamsini na moja na treni zangu zimekula chumba kizima. Wazazi wakiziona huniuliza wamnunulie mtoto treni gani. Jibu langu huwaudhi kidogo: ndogo kuliko unavyofikiria, na usimmalizie kuijenga.

Nikisema ndogo nina maana ya vitu vichache, si umbo. Kwa umbo, mtoto anahitaji kitu kinachoshikika. HO, yaani 1:87 (treni halisi imepunguzwa mara 87) kwenye reli yenye upana wa milimita 16.5, ndiyo iliyoenea zaidi duniani, kwa hiyo vipuri vyake havisumbui kupatikana. N ni 1:160, reli milimita 9, na hutosha kwenye meza ndogo, lakini kurudisha behewa lake relini ni kazi ya mtu mwenye subira. Z, iliyoletwa na Märklin, kampuni ya Ujerumani ya treni za kuchezea, mwaka 1972, ni 1:220. Hiyo waachie wenye macho mazima.

Waingereza wana OO yao, 1:76, inayotembea kwenye reli ileile ya HO. Treni zao halisi ni nyembamba kuliko za nchi nyingine, na mota za enzi hizo hazikuingia kwenye umbo la 1:87, basi wakanenepesha treni wakaiacha reli kama ilivyo. Ukiziweka sambamba, ya OO huonekana kama imekula vizuri.

Kabla hujachanganya vitu vya kurithi, angalia umeme. HO ya Märklin kwa kawaida hutumia AC, umeme unaogeuza mwelekeo, na ina mguso wa tatu katikati ya reli, wakati nyingi nyingine hutumia DC, umeme wa mwelekeo mmoja, kwenye reli mbili. Mimi niliwahi kupewa behewa zuri la mtindo wa kwanza, nikaliweka kwenye reli zangu za mtindo wa pili, transfoma ikazima papo hapo. Magurudumu yake hayakuwa yametenganishwa kwa plastiki, kwa hiyo yalipiga shoti reli kwa reli. Behewa halikuwa na kosa lolote. Kosa langu.

Usafi ni kitambaa na spiriti, basi. Nikiwa na miaka kumi na minne nilisugua reli kwa msasa zikang'aa kama vioo, na kuanzia siku ile zikawa zinachafuka haraka maradufu, kwa sababu mikwaruzo hushika uchafu. Steelwool ni mbaya zaidi: nyuzi zake huvutwa na sumaku ya mota. Mafuta ni tone kwenye ncha ya sindano. Na treni ikilegea upande wa mbali na transfoma, usiilaumu mota haraka. Umeme hupotea kwenye maungio, kwa hiyo chomelea jozi ya pili ya nyaya upande ule.

Mfumo wa dijitali, unaoendesha treni mbili kwa kasi tofauti kwenye njia moja, usubiri. Ni mtamu, lakini mtoto anayeanza nao hujifunza kubonyeza kabla hajajifunza kwa nini treni inasimama.

Sasa lile la kutomalizia. Mwaka wa pili nilikwenda likizo kwa bibi. Niliporudi nikakuta baba amepigilia reli zote kwenye ubao aliopaka rangi ya kijani, ameweka kilima, handaki na stesheni yenye taa. Alikuwa anang'aa kwa furaha kuliko mimi. Nilisema asante, nikaiendesha mara tatu nne, kisha sikuigusa kwa miezi. Hakukuwa na kitu cha kufanya isipokuwa kuitazama ikizunguka. Baba hakuuliza kitu. Jioni moja nilimkuta amepiga magoti anang'oa misumari, mmoja mmoja, anairudisha kwenye kopo. Kesho yake nikaanza kupanga njia yangu, mbaya sana, yenye kona kali ambapo treni ilianguka kila mzunguko. Nikaipanga upya wiki nzima.

Hata watu wazima ndivyo walivyo. Miniatur Wunderland, maonyesho makubwa ya treni ndogo kule Hamburg, Ujerumani, yalifunguliwa mwaka 2001 na bado wanayaongezea sehemu mpya.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza baba kama alinunua treni mbovu makusudi, ili nijifunze. Alicheka mpaka akakohoa. "Makusudi wapi, mwanangu! Nilipigwa."

Mimi nimefanya makusudi. Binti yangu ametimiza tisa wiki iliyopita, nikampa kichwa cha treni ambacho nimekichomoa waya mmoja ndani. Tangu Jumamosi yuko nacho mezani, na kibano changu amekichukua. Jana nilichungulia nione amefika wapi, nikaambiwa nifunge mlango.