Mwalimu, hiyo sindano haizuii pesti

SWALI: Jambo Dokta. Mimi ni mwalimu wa primeri upande wa Kabare. Natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, narudi saa nane. Nina shamba dogo la mihogo na migomba, na kibanda cha nguruwe ambacho ndicho kinanisaidia kulipa masomo ya watoto wangu wawili walio iniversite hapa Bukavu. Kwa kuwa mchana hakuna mtu nyumbani, huwa nawafungulia nguruwe wajitafutie, halafu nikirudi nawaletea mabaki ya chakula kutoka mkahawa ulio karibu na shule. Kijana mmoja hupita kila baada ya miezi miwili kuwachoma sindano ya pesti, yaani homa ya nguruwe. Mwezi huu nguruwe watano kati ya sita wamekufa ndani ya siku kumi. Walikataa kula, masikio yakawa mekundu kisha zambarau, wawili waliharisha damu. Kijana anasema nilichelewa kumwita kwa sababu ninashinda shuleni. Nitumie sindano gani ili nguruwe wasinihitaji kila saa? Na huyu jike aliyebaki nimfanyie nini?

JIBU: Mwalimu, pole sana. Najua nguruwe watano ni nini kwa mtu anayeishi kwa mshahara wa mwalimu. Tangu shule za msingi za serikali hapa Kongo zilipofanywa za bure mwaka 2019 na ile prime, nyongeza ambayo wazazi walimlipa mwalimu, ikaondoka, nimeona walimu wengi wakijenga kibanda nyuma ya nyumba, na nguruwe akawa ndiye akiba.

Kwanza nikutue mzigo aliokutwika huyo kijana. Nguruwe wako hawakufa kwa sababu ulikuwa darasani. Hata ungeshinda kibandani umekaa juu ya kigoda, wangekufa vilevile.

Dalili ulizoandika ni za pesti ya nguruwe ya Afrika. Neno la mwisho ni la maabara, kwa kupima damu, lakini watano kati ya sita kwa siku kumi, na masikio ya zambarau, havinipi sababu ya kuzungukazunguka. Huo ni ugonjwa wa virusi. Montgomery aliuandika kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, na zaidi ya miaka 100 baadaye bado hakuna dawa inayouponya. Chanjo yake pia haipo kwetu. Vietnam iliruhusu chanjo yake ya kwanza mwaka 2022, na wataalamu bado wanabishana kuhusu usalama wake. Anayekwambia ameibeba kwenye mfuko wa plastiki kutoka Bukavu mpaka Kabare, juani, anakudanganya, au mwenyewe amedanganywa.

Wengine hushika jina. Kuna chanjo nzuri ya pesti nyingine ya nguruwe, ile inayoitwa ya klasiki. Majina ni ndugu, virusi si ndugu. Chanjo ya ile haimkingi nguruwe na hii hata kidogo, na ile ya klasiki si ugonjwa unaotusumbua hapa Kivu.

Sasa niseme jambo linaloniumiza kila wiki. Watu huniambia: "Dokta, lakini jirani yangu alichomewa nguruwe, akapona." Ndiyo, alipona. Nguruwe hupata homa za namna nyingi. Kuna ruje, ugonjwa wa bakteria, unaoleta homa kali na mabaka mekundu mgongoni na ubavuni, mara nyingi yenye pembe nne kama vigae. Ukimchoma penisilini mapema, kesho yake anakula. Kuna nimonia, kuna vidonda vinavyooza. Yote hayo antibayotiki huyasaidia. Basi mtu mwenye sindano hupita kwa nyumba kumi, nyumba mbili zina ruje, nguruwe wanainuka, na kijiji kizima kinasema huyu anatibu pesti. Pesti yenyewe ikija, nguruwe wanakufa, naye anasema ulichelewa kumwita. Kila mara makosa ni ya mwenye nguruwe. Ndivyo alivyokufanyia.

Kile anachokichoma kwako karibu hakika ni oksitetrasiklini, ile dawa ya rangi ya manjano. Ni dawa nzuri mahali pake. Kwa virusi vya pesti ni sawa na maji.

Afadhali ingekuwa maji tu. Niliwahi kumkuta mmoja wao kazini, kwenye boma lenye nguruwe saba. Alitoa sindano kwenye mfuko wa shati, ncha ikiwa imefunikwa kwa kifuniko cha kalamu. Akamchoma jike aliyelala kwenye kona. Nilipompima huyo jike baadaye alikuwa na joto la nyuzi 41 na zaidi, wakati nguruwe mzima huwa na 39 hivi. Alipochomoa, tone la damu lilibaki kwenye ncha. Akaipangusa kwenye suruali, akavuta dawa tena kutoka chupa ileile, akamchoma wa pili. Kisha wa tatu. Alipomaliza alirudisha kifuniko, akauliza nyumba inayofuata ni ya nani.

Damu ya nguruwe mwenye pesti imejaa virusi. Ile ncha ilikuwa inapanda ugonjwa kwa kila aliyeguswa, na chupa nayo ilikuwa imechafuliwa kwa ajili ya nyumba iliyofuata. Kwa siku chache za mwanzo, mpaka wiki mbili au zaidi, aliyeambukizwa huonekana mzima, kwa hiyo hakuna anayeunganisha kifo chake na ile ziara. Sisemi ndivyo ilivyoingia kwako. Nasema ni mlango mmojawapo, na ulikuwa ukiulipia.

Milango mingine miwili umeitaja mwenyewe. Mabaki ya mkahawani ni wa kwanza ninaoushuku. Mkahawa unapika nyama ya nguruwe, na ugonjwa ukipita watu huuza haraka kwa bei ya chini, mchinjaji ananunua, nyama inaingia mjini. Virusi hivi havimdhuru mtu, ndiyo maana mlaji hajui kitu. Lakini kwenye nyama mbichi, kwenye mifupa isiyoiva vizuri, kwenye maji yaliyooshea nyama, vinakaa hai siku nyingi. Wewe unabeba ndoo kwa upendo, unavuka nayo barabara, unawamwagia. Kama huna budi kutumia mabaki, yachemshe upya nyumbani, yatokote dakika 30 huku unakoroga mpaka chini, yapoe ndipo uwape. Na ukikuta mfupa wa nguruwe ndani, choma moto. Mimi kwa upande wangu ningeyaacha kabisa.

Mlango wa pili ni kuwafungulia. Nguruwe anayezurura hufika jalalani, hufukua mzoga uliofukiwa juujuu, hugusana pua na nguruwe wa mtu mwingine. Tena hufika kwenye vyoo vya wazi, na hapo humeza mayai ya tegu yanayogeuka mabuu ndani ya nyama yake; mtu akila nyama hiyo haijaiva hupata tegu tumboni, na mayai ya tegu huyo yakimezwa na mtu, mabuu yake huweza kukaa kwenye ubongo na kuleta kifafa. Hilo peke yake lingetosha kumfungia.

Unaniuliza utawezaje kufunga wakati hauko. Kufunga ndiko kunakomfaa mtu asiyekuwepo. Nguruwe hahitaji mtu saa nne asubuhi. Anahitaji chakula mara mbili, maji yasiyoisha kabla hujarudi, na kivuli. Walishe saa kumi na moja na nusu kabla hujaenda kuvaa. Ukirudi saa nane, lisha tena. Majani umeshayakata jana yake jioni: ya viazi vitamu mabichi, ya mihogo yakatwe na yanyauke kwanza kwa sababu ya ile sumu yake, maganda ya mihogo yakaushwe juani. Ongeza pumba, au machicha ya bia kama yanapatikana. Maji ndiyo walimu wengi husahau. Nguruwe anayekua hunywa lita tano mpaka kumi kwa siku, jike anayenyonyesha huzidi 15, na ndoo nyepesi huipindua saa moja baada ya wewe kuondoka, akabaki na kiu mpaka mchana. Jenga birika la saruji ukutani mwa kibanda, au chimba gogo zito. Kibanda chenye sakafu iliyoinuliwa na paa la nyasi kitakupunguzia kazi ya kusafisha, na mbolea utaipata chini kwa ajili ya migomba yako.

Weka buti za mpira mlangoni mwa kibanda, zisitoke hapo, na karai la maji ya klorini. Sote tumeyajua tangu kipindupindu na Ebola. Osha tope kwanza, ndipo uchovye, maana klorini haifanyi kazi juu ya kinyesi. Wazazi wa wanafunzi wakija kukusalimu, wengi wao wana nguruwe pia. Wakaribishe barazani. Kibandani asiingie mtu.

Na dume la kuazima, Mwalimu. Najua ni desturi, dume linatembea kutoka boma hadi boma na mwenye dume analipwa kitoto kimoja. Wakati wa ugonjwa dume hilo ni kama ile sindano yenye miguu. Zungumza na jirani mmoja au wawili mnaoaminiana, mtunze dume lenu wenyewe, lisitoke nje ya nyumba hizo.

Huyu jike aliyebaki usimuuze. Najua mtu atakuja na pesa mkononi wiki hii hii. Anaweza kuwa bado yuko kwenye siku za kuambukizwa, au amepona na angali anabeba virusi kwa wiki au miezi. Ukimpeleka soko la Mudaka, umewapelekea wenzako kile kilichokupata. Mfungie, mpe maji na chakula, umwite veterineri wa serikali wa eneo lako aje amtazame na kuamua nawe. Ikiamuliwa achinjwe, achinjwe hapohapo, na damu, matumbo na mifupa vifukiwe kwenye shimo refu pamoja na chokaa. Kuhusu kula nyama yake kuna tatizo: alichomwa antibayotiki, na kila dawa ina siku za kungoja kabla nyama haijaliwa. Siku hizo huandikwa kwenye chupa. Muulize kijana akuonyeshe maandishi ya chupa yake. Zile nilizoziona mimi karatasi imefutika au imebanduliwa, na bila hizo siku siwezi kukuruhusu uwape watoto.

Wale watano, kama hujawafukia, wafukie leo, kina cha urefu wa mtu. Kibanda sugua kwa sabuni, kisha klorini, na matandiko yote yachomwe. Jike akishaondoka humo, kikae kitupu siku 40. Baada ya hapo nunua vitoto viwili tu, vikae siku nyingine 40 kabla hujajaza. Najua ni karibu miezi mitatu kabla kibanda hakijajaa tena, na iniversite haingoji. Katika muda huo weka simbilisi. Nyumba nyingi za huku kwetu Bushi zinawajua, wanakula majani ya shambani, wanazaa haraka, na pesti hii haiwagusi kabisa. Faida yao ni ndogo kuliko ya nguruwe, lakini daftari na sabuni vitatoka humo.

Ninawaandikia na wengine wanaosoma hapa, walimu, wauguzi, mama wauzaji wa sokoni, wote mnaofuga huku mnafanya kazi nyingine. Ninyi ndio mnaotafutwa na hawa watu wa sindano, kwa sababu wanajua hamna muda, na aliyechoka hupenda kusikia kwamba kuna kitu cha kuchoma kikamaliza mambo. Kabla mtu hajagusa mnyama wako, mwambie akutajie ugonjwa anaoutibu. Mwambie akuonyeshe chupa yenye jina la dawa na tarehe ya kuisha. Nguruwe wako awe na sindano yake, mpya, inayofunguliwa mbele ya macho yako, na ukiweza inunue wewe mwenyewe famasi. Apime joto kwa kipimajoto, si kwa kugusa sikio. Akikasirika kwa maswali hayo, aende zake. Na akisema ana chanjo ya pesti ya Afrika, usiendelee kuuliza.

Jambo la kuangalia zaidi ni yule anayerudi baada ya siku tatu na mnunuzi. Nimeona hilo mara nyingi: amechoma, nguruwe wanaendelea kuugua, anakuja na mtu "wa kukusaidia usipoteze vyote", nyama inaondoka usiku kwa robo ya bei. Mwenye nguruwe anashukuru. Wiki mbili baadaye ugonjwa uko kijiji cha pili, na yeye yuko huko na mfuko wake.

Nguruwe wa kwanza anapokataa chakula na kujilaza peke yake, usingoje Jumamosi kwa kuwa huna masomo. Tuma mtoto siku ileile kwa veterineri, funga lango, na usimwambie mchinjaji lolote mpaka damu imechukuliwa.