Shangazi, mama mkwe anampa mwanangu matumaini hewa

"Shangazi, mume wangu ni mwanajeshi, yuko Kongo upande wa Beni na walinda amani, wiki mbili sasa hajapiga simu. Binti yetu wa miaka saba kila jioni anasali na bibi yake ili baba arudi. Zabibu za Hombolo alizoletewa kagoma kuzila, anamwekea baba kwenye friji, sasa zinavunda. Bibi anamwambia, 'Baba atarudi, Mungu akipenda.' Nataka mama mkwe arudi kwake, na mtoto nimweleze ukweli kwamba baba anaweza asirudi. Bahati nzuri kuna kaka jirani ananifariji na kunibeba kwenye bajaji yake. Mama G, Nkuhungu, Dodoma."

Mama G, pole. Kulala na simu mkononi ukingoja mtandao urudi si kazi ndogo. Pole yangu inaishia hapo.

Nimeisoma barua yako nikitafuta mahali unaposema umemkumbuka mumeo. Sikupaona. Zabibu nimeziona, mama mkwe nimemwona, kaka wa bajaji nimemwona. Mwanao hana tatizo lolote. Anayemzika mwenye nyumba akiwa hai ni wewe, na unataka mtoto akusaidie kubeba jeneza.

Mama mkwe wako kama ni wa rika ninalolidhani, anaikumbuka vita ya Kagera. Ilianza Oktoba 1978, Kampala ikaanguka Aprili 1979, na simu ya mkononi haikuwapo. Wanawake walikaa na watoto, wakasikiliza redio, wakangoja. Mtu wa enzi hizo akisema "Mungu akipenda" hajamdanganya mtoto. Hajataja hata tarehe!

Hatari ipo, sifichi. Vijana wetu wa kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa wako mashariki ya Kongo tangu 2013, na Desemba 2017 pale Semuliki, huko huko Beni, tulipoteza zaidi ya 10 katika shambulio moja. Kwa hiyo binti akiuliza, "Baba atakufa?" usimwapie kwamba haiwezekani. Mwambie kazi ya baba ina hatari, yuko na wenzake, sisi tunamwombea, na mimi nipo hapa. Inatosha. Mengine atauliza akikua.

Ila ninyi wa siku hizi! Gwanda mnalipenda, posho ya misheni mnaipenda, saruji ya kiwanja cha Nzuguni inanunuliwa kwa posho hiyo hiyo. Mume akikaa wiki mbili bila kupiga simu, tayari ni marehemu na mfariji keshapatikana.

Huyo kaka mlipe nauli kama abiria wengine, ushuke. Habari za mumeo ulizia kikosini kwake, achana na magrupu ya WhatsApp. Zabibu zilizoharibika tupeni, nzima mzianike juu ya kitambaa safi, zikikauka binti amwekee baba yake kwenye kopo.

Na mama mkwe haendi popote. Akiondoka, mtoto atakuuliza bibi kafukuzwa kwa kosa gani. Utamjibu nini?