Vijana mnaofunga chaja za magari ya umeme, fungueni DB (sanduku la breka) ya zamani kwanza

Juzi nimeitwa site moja hapa Kampala niangalie kazi ya vijana wawili. Chaja ya kilowati 7 iko ukutani imenyooka, kebo imepigwa klipu safi, mpaka lebo wameweka. Nikauliza, DB ya zamani mmeifungua? Wakaangaliana. "Mzee, ile tuliikuta." Hilo jibu nimelisikia mara nyingi mno mwaka huu na linaniuma, kwa sababu nyie ni mafundi wazuri, mikono yenu ni mizuri kuliko yetu tulivyoanza, halafu mnaenda kuangukia shimo lile lile. Basi nasema yote hapa.

1. Uliza gari kabla hujatoa bei. Nissan Leaf zinazotoka Japani kwa kawaida zina tundu la Type 1 kwa AC (chaji ya nyumbani) na CHAdeMO kwa DC (chaji ya haraka), gari iliyotengenezewa soko la Uchina ni GB/T, ya Ulaya ni Type 2 na CCS2. Mteja apige picha ya tundu la kuchajia akutumie, imeisha.

2. Ampea 32 ni 32, usizipigie daivasiti. Jiko, pasi, hita ya maji tunazipunguza kwenye hesabu kwa sababu haviwaki vyote pamoja na termostati inakata inarudisha. Gari halina hiyo habari, linaanza kuvuta jioni watu wakiwa wanapika na kuoga na linavuta mpaka usiku wa manane. Na hapa ndio nataka mnisikilize vizuri maana hii ilinipata mimi.

Nyumba ilikuwa Ntinda, fezi tatu, DB ya miaka mingi. Chaja nikaiweka fezi nyekundu kwa sababu ndiyo iliyokuwa na nafasi ya breka. Nikafungua kava nikaiona nyutro (waya unaorudisha mkondo) inayoingia kutoka kwa mita, waya mnene, fundi aliyenitangulia alikata nyuzi kadhaa ili iingie kwenye tundu, skrubu imeuma nusu, na pembeni kuna weusi kidogo. Niliuona ule weusi. Nikasema moyoni mimi nimeitwa kufunga chaja, hii siyo kazi yangu, nikarudisha kava. Nikachomeka gari, taa ikawa kijani, nikasubiri kidogo, nikakunja ngazi nikalipwa nikaenda.

Sasa fikirieni kilichokuwa kinatokea. Fezi moja inabeba ampea 32 kwa masaa, zile mbili zina taa na friji tu, kwa hiyo karibu mzigo wote wa gari unarudi kupitia ile skrubu iliyouma nusu. Inapata moto, inapoa asubuhi, inalegea, kesho inapata moto zaidi. Usiku mmoja ikaachia. Nyutro ikikatika kwenye fezi tatu mnajua kinachofuata, fezi yenye mzigo mkubwa volti zinashuka na zile nyepesi zinapanda kuelekea 415. Taa zikawaka kupita kiasi zikapasuka, friji ikafa, tivi ikafa, dekoda ikafa.

Nilipofika nikakuta plastiki ya baa ya nyutro imeyeyuka, ncha ya waya inavunjika mkononi, na breka zote ziko juu hakuna hata moja iliyoanguka. Breka inaangalia ampea, na ampea zilikuwa sawa kabisa, haina namna ya kujua skrubu imelegea. Mama mwenye nyumba akaniuliza, "Fundi, friji yangu haijachomekwa kwenye gari, imekufaje?" Nikamweleza ukweli, nikanunua friji na tivi. Pesa iliuma lakini upande wa pili wa ule ukuta wa DB ndipo watoto wake walikuwa wanalala, na hilo mpaka leo sijalizoea.

Kwa hiyo zima meni swichi, hakikisha na testa kwamba umeme umekufa, kata ncha mbovu uifunge upya, kaza kila skrubu kwa bisibisi ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa namba aliyoandika mtengenezaji. Halafu chaji kwa mzigo kamili saa nzima, pima joto la maungio, ndipo ukunje ngazi.

3. RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya Type AC hapana, mkondo wa DC ukivuja kutoka kwenye gari inaweza kupofuka isianguke kabisa. Weka Type B, au Type A kama chaja yenyewe ina kinga ya miliampea 6 za DC.

4. Ethi (waya wa ardhini) pima na mita, usipime kwa macho. Ardhi ya maramu wakati wa kiangazi inakudanganya, na ukanda huu wa ziwa una radi nyingi sana, kwa hiyo SPD (kinga ya msukumo wa umeme wa radi) siyo mapambo.

5. Kibali chako cha ERA (mamlaka ya umeme) kina daraja, usichukue kazi inayokuzidi. Kuongeza mzigo ombi linaenda UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme, ndio wenye laini tangu Aprili 2025 kampuni ya Umeme walipomaliza mkataba, na lipeleke kabla hujachimba mtaro maana nimeona chaja zimefungwa zinasubiri laini mpaka mteja anakasirika.

6. Mnaofunga stesheni za betri za boda, mnagawa chaja kwenye fezi tatu na hiyo ni sawa, lakini msidhani nyutro sasa haina kazi. Chaja nyingi za bei rahisi zinarudisha hamoniki (mikondo michafu ya masafa ya juu), na zile za tatu hazifutani, zinajumlika kwenye nyutro. Ipe unene sawa na fezi au zaidi, halafu betri zote zikiwa zinachaji weka klampu (mita ya kubana waya) pale pale kwenye nyutro usome mwenyewe.