Maswali ya Wasomaji: Ngumi, Muziki na Sinema

SWALI: Shikamoo mhariri. Huku maskani Kisauni twabishana kila jioni kwenye kahawa, mwenzetu ashikilia ati usiku Ali alipompiga Foreman kule Zaire, James Brown aliimba kwanza ndo ngumi zikaanza. Kweli? Na mbona walipigana alfajiri?

JIBU: Marahaba. James Brown aliimba kweli Kinshasa, tena uwanja uleule, lakini si usiku ule. Mpango ulikuwa muziki na ngumi viende pamoja Septemba 1974, sasa Foreman akapasuka juu ya jicho mazoezini, pambano likasukumwa hadi Oktoba 30, ila wanamuziki hawakungoja, wakapiga shoo yao siku tatu hukohuko Septemba: James Brown, B.B. King, Celia Cruz, Miriam Makeba, na Franco mwenyeji wao.

Alfajiri ni sababu ya televisheni ya Marekani. Saa kumi ya Kinshasa, New York ilikuwa saa nne usiku, watu macho wako kwa skrini, na hapa Mombasa ni saa kumi na mbili asubuhi. Foreman alikuwa na miaka 25, mapambano 40 hajapoteza hata moja, Ali ana 32 na wengi washamzika. Akaegemea kamba, akaziba uso, akamwacha kijana arushe. Itazameni tena hiyo video muangalie mikono ya Foreman kuanzia raundi ya 5, yaani ngumi zenyewe zageuka kuwa kusukuma tu, nguvu zimekwisha. Raundi ya 8 chini! Kwangu mimi hakuna pambano lililochezwa kwa akili kushinda hilo.

SWALI: Rocky wa sinema alikuwepo kweli? – Msomaji, Likoni

JIBU: La. Ila Stallone, mwigizaji wake, alipata wazo baada ya kumwona bondia Chuck Wepner, ambaye hakuna aliyempa nafasi, akivumilia na Ali hadi raundi ya 15, Machi 1975. Sinema ikatoka 1976 ikachukua Oscar ya filamu bora.

SWALI: Kenya tushawahi kupata dhahabu ya ndondi Olimpiki?

JIBU: Tena sana! Robert Wangila, Seoul 1988, fainali alimmaliza Mfaransa Laurent Boudouani kwa nokauti raundi ya 2, na mpaka leo hakuna bondia mwengine wa Kenya aliyeifikia. Na msimsahau Philip Waruinge, Mexico 1968 alipata shaba lakini akapewa kombe la Val Barker la bondia mwenye ufundi kuliko wote mashindanoni, wenye dhahabu wakiwa wanatazama.