Maneno ya kazi za nyumbani kwa Kimongolia

Ndugu, kwa kuwa utaishi na familia Ulaanbaatar na unapenda kuwasaidia kazi za nyumbani, nakushauri ujifunze kila jina pamoja na kitendo chake, maana katika Kimongolia kitenzi huja mwishoni: «ayaga ugaakh» ni kuosha vyombo, «khuvtsas ugaakh» ni kufua, na «tsai chanakh» ni kuchemsha chai. Katika vitenzi hivi, ukiondoa -kh na kuweka -ya, unakuwa umejitolea: «Bi ayaga ugaaya», yaani, ngoja nioshe vyombo. Sentensi hiyo, naamini kabisa, itakufaa kuliko orodha ndefu. Ukiambiwa «ugaagaarai», unaombwa kwa upole uoshe. Herufi za Kikirili, zinazotumika kuandika Kimongolia na zinazofanana na za Kirusi, zianze mapema.